Tundu la inchi 6 kwenye mtungi wa hewa: pedi iwe kubwa kiasi gani, na je, tangi la dizeli linafuata hesabu hiyo hiyo?

Swali la msomaji: Karakana yetu iko Mwanza, na mteja mmoja ametupa kazi mbili. Ya kwanza ni mtungi wa hewa ya kompresa: kipenyo cha ndani mm 1200, presha ya usanifu MPa 1.0 (yaani baa 10), bamba la SA-516 daraja la 70 lenye unene wa mm 8, akiba ya kutu mm 1.5, mishono imepigwa eksirei kwa sampuli, kwa hiyo ufanisi wake ni 0.85 (nguvu ya mshono inahesabiwa kuwa asilimia 85 ya bamba). Anataka nozeli (shingo ya bomba inayotoka kwenye mtungi) ya inchi 6 ubavuni, bomba la SA-106 daraja B, skedyuli 40 (kipimo cha unene wa ukuta wa bomba). Ya pili ni tangi la dizeli la kipenyo cha mita 20 na kimo cha mita 12, lenye mlango wa mtu wa mm 600 karibu na sakafu. Fundi wetu mzee anasema kanuni ni moja tu: kata pedi (pete ya bamba ya kuimarisha ukingo wa tundu) yenye kipenyo mara mbili ya tundu, chomelea, basi. Je, ni kweli? Na kuna namna ya kuepuka pedi kwenye mtungi?

Jibu:

Ndugu fundi, kanuni ya mzee wenu ina msingi. Kwa tangi lenu la dizeli inakaribia kuwa sahihi kabisa. Kwa mtungi wa hewa, inataja mpaka wa nje tu: haisemi pedi iwe nene kiasi gani, iwe ya chuma gani, wala kama inahitajika. Tuanze na mtungi, kwa sababu ndiko kwenye hatari kubwa na hesabu nyingi.

Presha ya ndani inaupanua mtungi, na chuma cha mwili wake kinavutwa kuuzunguka kama hupu la pipa. Mvuto huo wa kuzunguka ni mara mbili ya ule wa kuelekea urefu wa mtungi. Ukikata tundu la duara, nguvu iliyokuwa inapita mahali pale lazima ipite pembeni, na kwenye kingo mbili zilizo juu ya mstari wa urefu wa mtungi mkazo unapanda hadi mara 2.5 ya ule wa kawaida. Kwa hiyo chuma ulichokiondoa unapaswa kukirudisha, na ukirudishe karibu na tundu. Kilichowekwa mbali hakisaidii, kwa kuwa mkazo huo hupoa haraka kadiri unavyosogea kutoka ukingoni. Kanuni ya ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani) ya mitungi ya presha, Sehemu ya VIII Kitengo cha 1, kifungu UG-37, inaligeuza jambo hili kuwa hesabu ya eneo: unaupasua mtungi kwa mawazo kupitia katikati ya nozeli, kufuata urefu wa mtungi, kisha unahesabu milimita za mraba za chuma zilizoondolewa na zile zilizopo za kuziba pengo.

Sasa tuziweke namba zenu. Mkazo unaoruhusiwa kwa SA-516 daraja la 70 kwenye joto la kawaida la hewa ya kompresa ni MPa 138. Kwa SA-106 daraja B ni MPa 118. Uwiano wao ni 0.855, na utaurudia mara kadhaa, kwa sababu chuma dhaifu cha bomba hakihesabiwi sawa na chuma cha bamba.

Hesabu yote hufanywa mtungi ukiwa umeshaliwa na kutu. Nusu kipenyo ni mm 601.5, bamba limebaki mm 6.5, na ukuta wa bomba la skedyuli 40, wenye mm 7.11 likiwa jipya, umebaki mm 5.61. Tundu lenyewe ni mm 168.3 toa kuta mbili, yaani mm 157.1.

Unene ambao mwili unauhitaji kwa ajili ya presha, ukichukua ufanisi wa mshono kuwa 1, ni 1.0 × 601.5 ÷ (138 − 0.6) = mm 4.38. Wengi huteleza hapa kwa kuweka 0.85. Ile 0.85 ni ya kuchagua unene wa bamba: inakupa mm 5.15, ukiongeza kutu mm 1.5 unafika mm 6.65, ndiyo maana mm 8 inatosha. Kwenye hesabu ya tundu, 0.85 inaingia tu ikiwa nozeli imekalia mshono wenyewe. Nitarudi hapo.

Eneo linalotakiwa ni 157.1 × 4.38, yaani kama 688, pamoja na nyongeza ndogo ya 7 kwa sababu bomba limepenya ndani ya bamba na ni dhaifu kuliko bamba. Jumla mm² 695.

Kilichopo bila pedi ni hiki. Bamba lina mm 6.5 na linahitaji 4.38 tu, hivyo ziada yake ya mm 2.12 kwa upana wa tundu inatoa mm² 330. Ukuta wa bomba unahitaji mm 0.67 tu kuhimili presha, na ziada yake inatoa mm² 118. Haijalishi bomba lina urefu gani: kinachohesabiwa ni milimita 14 za kwanza kutoka kwenye bamba, mara 2.5 ya unene wa ukuta wake. Weldi ya kona ya mguu wa mm 8 inatoa mm² 55. Jumla ni 503. Mnapungukiwa mm² 192, kwa hiyo nozeli hii, kama ilivyo, haipiti.

Ukiweka pedi ya mm 8 iliyokatwa kwenye bamba lile lile la SA-516, mchango wa bomba unapanda kidogo hadi 137 kwa kuwa pedi inaongeza kimo kinachohesabiwa, na pedi inabakiwa na deni la mm² 173. Kwa unene wa mm 8, deni hilo linalipwa na pedi yenye kipenyo cha mm 190 tu. Lakini chukua rula upime: kutoka ukingo wa bomba hadi mm 190 kuna mm 11 kila upande. Weldi ya ndani ina mguu wa mm 8, ya nje mm 6. Hakuna pedi hapo, ni pete ya weldi tupu iliyochomwa mara mbili mahali pamoja, imejaa mkazo wa kupoa. Ndiyo maana ningekata pedi ya mm 270, inayowapa ukingo wa kama mm 51 kila upande. Eneo lake ni mm² 814, jumla yote 1,336, karibu mara mbili ya kinachotakiwa, na ziada hiyo inafaa kwa sababu bomba la nje lazima litavuta nozeli kidogo.

Zaidi ya mm 314 msiende. Huo ndio mpaka wa mara mbili ya tundu anaousema mzee, na chuma kilicho nje yake hakihesabiwi. Ni uzito na elektrodi zinazopotea. Na tafadhali, pedi isikatwe kutoka kwenye kipande cha bamba kisicho na cheti. Kama chuma chake kina mkazo mdogo kuliko wa mwili, eneo lake linapunguzwa kwa uwiano huo, na chuma usichokijua huna uwiano wa kukipa.

Swali la pili, kuepuka pedi, lina majibu matatu na yote ni ya kweli. Kwanza, bamba la mm 10 badala ya mm 8: ziada ya bamba inaruka kutoka mm² 330 hadi 641, na pamoja na mchango wa bomba la skedyuli 40 mnafika 759 kabla hata ya kuhesabu weldi. Inapita. Lakini mwili wote unakuwa mzito kwa robo. Kwa nozeli moja ni hasara. Mtungi ukiwa na nozeli nne au tano kubwa, piga hesabu ya saa za fundi, mara nyingi bamba nene ndilo rahisi. Pili, bomba la skedyuli 80. Watu wengi wanadhani hili linatosha lenyewe. Kwa mtungi wenu halitoshi: eneo linalotakiwa linashuka hadi 666, lililopo ni 611, mnapungukiwa mm² 55. Bomba nene lina ziada kubwa, ila kimo kinachohesabiwa sasa kinabanwa na wembamba wa bamba. Tatu, skedyuli 80 hiyo hiyo ikichomoza ndani ya mtungi kwa mm 15: hata baada ya kutoa kutu pande zote mbili, kipande cha ndani kinaongeza zaidi ya mm² 180, na mnapita bila pedi. Kwa nozeli ya ubavuni au ya juu ningechagua njia hii bila kusita. Kwa tundu la kutolea maji chini ya mtungi, kamwe: maji ya hewa iliyobanwa yatatuama kuizunguka shingo hiyo na kutu italila bamba pale pale.

Nozeli ndogo zina msamaha. Bamba likiwa na unene usiozidi mm 10, tundu lililokamilika lisilozidi mm 89 halihitaji hesabu hii, kwa hiyo bomba la inchi 3 na chini yake liko huru. Matundu mawili ya namna hiyo yasikaribiane kuliko jumla ya vipenyo vyao. Kuna sharti ambalo watu hulisahau, na kwa mtungi wa kompresa ni muhimu: msamaha huu ni kwa mtungi usio na presha inayopanda na kushuka haraka haraka. Kompresa inayojaza na kumwaga kila dakika chache inastahili tundu lifanyiwe hesabu hata likiwa la inchi 2.

Kisha angalieni unene wa shingo yenyewe, jambo tofauti na eneo. Kwa kifungu UG-45 cha kanuni ile ile ya ASME, shingo yenu inahitaji mm 5.88 ikiwa pamoja na akiba ya kutu. Bomba huuzwa likiwa na ruhusa ya kiwanda ya kupungua asilimia 12.5, hivyo mm 7.11 ihesabuni kama 6.22. Inapita, kwa nafasi ndogo. Skedyuli nyembamba kuliko hiyo isingepita.

Nozeli iwe mbali na mshono wa urefu. Mkiikalisha juu yake, ile 0.85 inaingia na ziada ya bamba inashuka kutoka mm² 330 hadi 178. Hesabu bado inaweza kukubali kwa kuwa pedi ni kubwa, lakini mtakuwa mmerundika weldi tatu mahali ambapo mkazo ni mkubwa kuliko popote. Na kama hakuna nafasi nyingine, mshono usagwe uwe sawa na bamba sehemu yote inayofunikwa na pedi. Pedi inayopanda juu ya mshono usiosagwa inabembea, inaacha mwanya, na weldi ya nje inakuwa kubwa kwa macho na ndogo kwa ndani.

Pedi ikunjwe ifuate mviringo wa mtungi kabla ya kuwekwa. Mfuatano wa kazi nao una uzito wake: shingo ichomelewe kwanza kwenye bamba kwa weldi inayopenya unene wote, isuguliwe kwa nyuma na kuchomelewa tena, ipakwe dawa ya rangi inayoonyesha nyufa, ndipo pedi ivikwe. Baada ya pedi kufunga, weldi ile hamtaiona tena.

Kama pedi ya duara zima haiwezi kupita juu ya flenji iliyokwisha kuchomelewa, mtaikata vipande viwili. Hapo mstari wa kukata ndio unaoamua. Vipande viunganishwe kwa weldi inayopenya unene wote, na mstari huo uwe angalau nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wa urefu wa mtungi; bora zaidi uwe kiunoni, yaani ufuate mzunguko. Ukiulaza kwenye mstari wa urefu, mvuto mkubwa unaupanua mkato moja kwa moja, na kanuni inawanyang'anya robo ya eneo la pedi isipokuwa mshono huo umepimwa kwa eksirei au mawimbi ya sauti. Kila kipande kiwe na kitundu chake cha kupumulia, ambacho kazi yake nitaieleza mwishoni.

Mtungi wa mm 1200 wa hewa iliyobanwa unatakiwa pia kuwa na mlango wa ukaguzi: wa duara usiopungua mm 400, au wa yai usiopungua mm 300 kwa 400. Wa yai una upande wake. Kipimo kifupi, mm 300, kiende na urefu wa mtungi. Hapo mkazo wa ukingoni ni mara 2.0 ya kawaida, chini ya ule wa tundu la duara. Ukiugeuza, unakuwa mara 3.17. Chuma ni kile kile na tundu ni lile lile. Kosa ni nyuzi 90 tu za fundi aliyeshika chaki.

Jambo la mwisho kwa nozeli za mtungi: soketi za fundi bomba, zile za chuma cha kumimina zilizopakwa zinki, zisichomelewe kwenye mtungi kwa ajili ya geji au vali ya usalama. Chuma chake hakikutengenezwa kwa kuchomelewa, na zinki inaharibu weldi na kuwadhuru mapafu. Tumieni soketi za chuma kilichofuliwa, daraja 3000.

Sasa tangi la dizeli. Hapa kanuni ni API 650, kiwango cha taasisi ya mafuta ya Marekani kwa matangi ya kuhifadhia, na kazi ya bamba ni tofauti: hakuna presha ya gesi, kuna uzito wa kimiminika unaoongezeka kadiri unavyoshuka. Bamba la chini la tangi lenu, kwa chuma cha A36, linahitaji kama mm 6.1 kwa dizeli na juu yake mm 1.5 za kutu, jumla mm 7.6, na mm 6.7 wakati wa jaribio la maji, ambayo ni mazito kuliko dizeli. Bamba la mm 8 linafaa.

Nozeli ya inchi 2 na chini yake haihitaji kuimarishwa. Mlango wa mm 600 unahitaji. Eneo linalotakiwa ni kimo cha tundu mara unene wa bamba: tundu la mm 620 kwa mm 8 ni mm² 4,960. Chuma kinachohesabiwa ni kile kilicho ndani ya umbali sawa na kimo cha tundu, juu na chini ya kitovu chake. Pedi ya mm 8 yenye kipenyo cha mm 1240 inatoa (1240 − 620) × 8, yaani 4,960 kamili. Mzee wenu hapo kapatia. Kwa vitendo, fuateni jedwali la kiwango lenyewe, ambalo limeshapanga unene wa kifuniko na flenji kulingana na kina cha kimiminika. Mlango wa mm 600 una bolti 28 za mm 20 kwenye mzunguko wa mm 756, na kifuniko cha mm 820. Bolti 28 zinaonekana nyingi kwa presha ndogo, lakini kifuniko ni bapa na chembamba. Ukizipunguza kinajikunja katikati ya bolti na gasketi inalia machozi ya dizeli. Kwa bamba lisilozidi mm 12.5, ukingo wa weldi ya pedi ukae angalau mm 150 kutoka mshono wa wima, na angalau mm 75 kutoka mshono wa mlalo.

Kinachowaponza wengi kwenye matangi kiko nje ya eneo la mraba. Tangi likijaa maji mita 12, bamba la chini la mm 8 lingependa kutanuka nje kama mm 7. Sakafu inalikatalia. Kwa hiyo ndani ya kama mm 700 za kwanza kutoka chini, ukuta unatoka sifuri na kuvimba hadi kipimo chake kamili, na kila nozeli iliyoko hapo inasukumwa nje na kuinamishwa pua chini. Sasa fikirieni bomba la kutolea dizeli limefungwa kwenye nguzo ya zege mita moja kutoka kwenye tangi. Tangi linasukuma, zege halisogei, na ufa unaanza kwenye kona ya chini ya pedi. Nguzo ya kwanza iwekwe mbali, bomba lipewe kona mbili za kulegea kabla ya kufungwa, na lifungwe kabisa baada ya tangi kujazwa maji ya majaribio na msingi wake kukaa.

Na juu ya paa kuna tundu ambalo hakuna anayelipigia hesabu ya pedi ila ndilo linaloangusha matangi: la kupumulia. Tangi la aina hii linavumilia mvuto wa ndani wa kPa 0.25 tu, sawa na maji ya kina cha milimita 25. Mkitoa dizeli mita za ujazo 60 kwa saa, hewa ya 60 lazima iingie, pamoja na ile inayohitajika mvua ya ghafla inapopoza paa la moto. Wapaka rangi wakifunga bomba hilo kwa mfuko wa plastiki na kusahau, pampu itakunja tangi kama kopo.

Vitundu vya pedi, mm 6 vinatosha kwa kazi zote mbili. Kabla ya jaribio la maji, unganisheni hewa kwenye kila kitundu, isizidi kPa 100, na mpake maji ya sabuni kwenye weldi zote za pedi, ndani na nje. Povu likitoka, rekebisheni kwanza. Kisha mtungi upimwe kwa maji kwa MPa 1.3 mbele ya mkaguzi. Kwenu Tanzania ni wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi; kwa majirani wa Kenya ni wa DOSHS, idara yao ya kazi hiyo hiyo. Hewa iliyosalia kileleni itolewe yote kabla ya kupandisha presha. Baada ya hapo vitundu visichomelewe wala visifungwe kwa bolti ya kukaza. Vipakeni grisi ya kuzuia maji ya mvua, inayotoka yenyewe ikisukumwa. Siku weldi ya ndani ikipasuka, mtaona tone au mtasikia mluzi pale kwanza.